Jumapili ya mtoto mdogo

Mtoto wa miaka miwili hulijua kanisa kwa macho na masikio kabla hajalijua kwa akili. Mahubiri hayaelewi, lakini anajua kwamba kengele ikilia watu husimama, na anangoja kwa hamu wakati ambapo mama atamtia sarafu kiganjani ili akaitumbukize mwenyewe kwenye kapu la sadaka. Hayo huingia kwa kurudiwa. Ndiyo sababu anayepelekwa kila Jumapili hukaa kanisani kama yuko kwao, ilhali anayepelekwa Krismasi na Pasaka tu huona umati akaangua kilio, hata wazazi wakaona afadhali abaki nyumbani. Huyo huitwa mtundu, kumbe ni mgeni.

Wakatoliki, Walutheri na Waanglikana hubatiza watoto wachanga, na siku hiyo wazazi na wasimamizi huahidi kumlea mtoto katika imani. Sheria ya Kanisa Katoliki haimwekei wajibu wa misa mtoto ambaye hajatimiza miaka 7, kwa hiyo miaka ya kwanza ni ya kumzoesha. Miaka hiyo ina thamani yake. Mwaka 1910 Papa Pio wa Kumi alielekeza kwamba komunyo ya kwanza itolewe mtoto afikapo umri wa kupambanua mambo, yaani miaka kama 7. Mtoto anayeanza kuonekana kanisani wakati wa mafundisho ya komunyo hubebeshwa mizigo miwili: kujifunza fundisho lenyewe, na kujifunza kukaa.

Shule ya Jumapili ilienea kutokana na juhudi za Robert Raikes, mwenye gazeti wa mjini Gloucester, Uingereza, aliyeanza mwaka 1780 kuwakusanya watoto maskini waliofanya kazi wiki nzima, ili wafundishwe kusoma kwa kutumia Biblia. Waadventista wanayo Shule ya Sabato siku ya Jumamosi, yenye madarasa ya watoto kwa umri wao. Madarasa haya ni msaada mkubwa, maana mtoto huimba na kusimuliwa hadithi kwa kiwango chake. Hata hivyo, mtoto asiyewahi kumwona baba yake akipiga magoti amekosa somo ambalo mwalimu hawezi kulitoa.

Katika Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, matunda ya mazoea hayo huonekana katika Sikukuu ya Mikaeli na Watoto, inayoadhimishwa karibu na tarehe 29 Septemba. Siku hiyo watoto husoma masomo, huimba na kusema mistari waliyoikariri. Mtoto wa miaka mitano hushushiwa kipaza sauti hadi mdomoni, akauona usharika mzima ukimtazama. Aliyezoea nyuso zile humaliza mstari wake. Asiyezizoea hutafuta kanga ya mama.

Kazi ya Jumapili huanza Jumamosi jioni. Nguo zikipigwa pasi mapema na mtoto akilala kwa wakati, ibada ya kwanza ya asubuhi haiwi vita. Uji anywe kabla ya kutoka. Ndani, benchi la mbele linafaa kuliko la nyuma, kwa sababu mtoto anayeona madhabahu ana cha kutazama, na anayeona migongo ya watu wazima hana. Akilia atolewe kidogo, abembelezwe, kisha arudishwe. Akiachwa acheze uani mpaka ibada iishe, atakuwa amejifunza kwamba kilio ndicho mlango wa kutokea. Waumini nao wana sehemu yao: mama mwenye mtoto anayelia akigeukiwa na nyuso za hasira huenda asirudi wiki ijayo. Mzee wa kanisa anayempokea mtoto kwa dakika tano amehudumu.

Ibada ikiisha, kwenye sharika nyingi huwa na mnada wa sadaka za mazao: mkungu wa ndizi, trei ya mayai, jogoo aliyefungwa miguu. Hapo mtoto hubebwa mabegani aone. Njiani kurudi ndipo maswali huanza, kama Kumbukumbu la Torati sura ya 6 inavyoagiza wazazi kuwafundisha watoto nyumbani na njiani: yule mjomba amenunua jogoo wa nani, na Mungu atamla lini?