Bonyeza Nusu, Usiachie

Napiga picha za harusi hapa Tanga. Kamera yangu hutafuta nyuso yenyewe. Kisanduku cheupe humganda bibi harusi hata akisogea. Kamera nyingi za zamani, kama yangu, hutegemea mwanga na kivuli: sehemu ya macho huwa na giza zaidi kuliko mashavu. Ni mbinu waliyoieleza Paul Viola na Michael Jones mwaka 2001. Kwa hiyo mtu akigeuka upande, au ukumbi ukiwa na giza, kisanduku hupotea. Au kinamrukia shangazi aliye nyuma!

Hapo nauzima utambuzi wa uso. Naelekeza alama ya katikati kwenye jicho lililo karibu nami, nabonyeza kitufe nusu, nasikia “pii”: fokasi imefungwa. Bila kuachia kidole, nasogeza kamera hadi picha ikae nipendavyo, ndipo namalizia kubonyeza. (Maharusi wakianza kucheza, njia hii haifai.)

Miaka mingi nilikosea kwa kupiga hatua mbele baada ya kufunga fokasi. Kamera imefunga umbali, haikumfunga mtu. Nilirudi nyumbani na bibi harusi mwenye ukungu, na nyuma yake mpambaji anaonekana hadi kope.