Maili 7,500: gari jipya linapogomewa California

Tuseme mkazi wa California amenunua magari mawili Arizona. Ni ya aina moja, yametoka kiwanda kimoja, na yote mawili yametengenezwa kwa kufuata viwango vya moshi vya serikali kuu ya Marekani peke yake. La kwanza limetembea maili 3,000, la pili maili 8,000. Akifika nayo kwenye dirisha la idara ya magari ya jimbo, ambayo kila mtu huko huiita DMV, gari la pili litapelekwa kupimwa, na likifaulu litapewa namba. La kwanza hata halitapimwa. Karatasi zitarudishwa na mwenye gari ataambiwa akaliuze nje ya jimbo.

Kwa akili ya kawaida kanuni hii ni kichekesho. Gari lililotembea kidogo ndilo lenye injini mbichi na moshi mchache, na ndilo linalofukuzwa. Ukiisoma kama kanuni ya kupima moshi hutaielewa hata ukeshe nayo. Inaanza kueleweka pale unapoisoma kama kanuni ya biashara, yenye kazi ya kuwazuia wenye yadi.

Los Angeles imekaa kwenye bonde. Upande mmoja bahari, pande nyingine milima, na mara nyingi hewa ya joto hutanda juu na kuibana ya chini isipande. Julai 1943, katikati ya vita, ukungu mkali ulishuka mjini, watu wakatokwa machozi barabarani, na wapo waliodhani Wajapani wamewarushia gesi. Kwa miaka kadhaa lawama zilibebeshwa viwanda. Aliyeziweka mahali pake ni Arie Haagen-Smit, mkemia mzaliwa wa Uholanzi aliyekuwa akifundisha chuo cha Caltech. Kabla ya hapo alikuwa akitafiti kinachoipa nanasi ladha na harufu yake, na mitambo ileile ya kunasa harufu ya matunda akaigeuzia hewa ya mji. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alionyesha kwamba mvuke wa petroli na gesi za nitrojeni zinazotoka kwenye magari, zikipigwa na jua, huzaa ozoni. Ozoni hiyo ndiyo iliyokuwa ikipasua mpira wa matairi.

California ikaanza kuweka masharti ya moshi wa magari mapya mwaka 1966, kabla ya serikali kuu. Mwaka 1967 jimbo lilianzisha bodi ya hewa, CARB, na Haagen-Smit akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Mwaka huohuo Bunge la Marekani lilikuwa likitaka viwango vya nchi nzima viwe vya aina moja, maana watengenezaji wa magari hawakutaka kuunda magari ya namna hamsini. California ikapiga kelele kwamba ilianza mapema na hali yake ni ya pekee, ikapewa ruhusa ya kuomba kuwa na viwango vyake vikali zaidi. Majimbo mengine hayakupewa. Mwaka 1977 yakafunguliwa mlango mdogo: jimbo linaweza kunakili viwango vya California vilevile bila kuongeza wala kupunguza, au likae na vya serikali kuu. Njia ya tatu haipo. New York, Massachusetts, Vermont, Oregon na Washington ni miongoni mwa yaliyochagua kunakili. Texas na Florida hayakuchagua.

Hivyo Marekani ikawa na magari ya aina mbili kisheria, ingawa kwa macho hayatofautiani. Kinachoyatofautisha ni kibandiko kilichogandishwa chini ya boneti, mara nyingi upande wa ndani wa boneti lenyewe au karibu na redieta. Kinataja ukubwa wa injini, vifaa vya kupunguza moshi vilivyofungwa kiwandani, na sentensi moja inayosema gari limekidhi kanuni za nani. Kikitaja shirika la mazingira la serikali kuu, EPA, pamoja na California, gari linakwenda popote. Kikitaja EPA peke yake, ndipo maili zinapoanza kuhesabiwa. Tangu viwango vya pande mbili viliposogezwa karibu, kwa magari ya kuanzia toleo la 2017, tatizo limepungua sana kwenye magari madogo. Limebaki zaidi kwenye pikipiki, baadhi ya piki-apu za dizeli, na magari ya zamani kidogo.

Sasa turudi kwenye biashara. Kama California ingeuza magari yake tu na kuacha mpaka wazi, mfanyabiashara angefungua yadi Yuma, Arizona, kilomita chache kutoka mpakani, aweke magari ya viwango vya serikali kuu, na watu wangevuka Jumamosi asubuhi na kurudi nayo jioni. Sheria ikaziba tundu hilo kwa kusema kwamba gari lenye chini ya maili 7,500, yaani kilomita kama 12,000, siku mkazi wa California anapolipata ni gari jipya, hata kama limeshapita mikono ya wamiliki wawili. Na gari jipya lisiloidhinishwa na California halisajiliwi. Maili zikizidi hapo, sheria inakubali kwamba gari limetumika kweli na halikununuliwa kwa kukwepa.

Wajanja wengi hunaswa kwenye neno “siku”. Mtu husikia habari ya maili 7,500, akanunua gari lenye maili 5,000, akalizungusha barabarani hadi hesabu itimie, kisha akaenda DMV kifua mbele. Pale wanaangalia maili zilizoandikwa kwenye hati ya mauzo, si zile anazozisoma kwenye dashibodi leo. Mafuta yameungua bure.

Anayehamia ana ahueni. Aliyekuwa akiishi Houston, akanunua gari jipya, akalisajili Texas kwa jina lake, kisha akapata kazi San Diego, ataingia nalo hata kama lina maili 900. Alilipata akiwa mkazi wa kwingine, kwa hiyo ni sehemu ya mizigo yake, sawa na kitanda na masufuria. Atatakiwa kulisajili ndani ya siku 20 tangu awe mkazi, na hapo wengi huzembea. Lakini ndugu yake aliyekwishakaa San Diego, anayepigiwa simu kutoka Phoenix na kuambiwa “kaka, huku kuna gari la bei ya kutupa, njoo haraka,” huyo hana kinga. Sheria imewaachia nafasi wachache wengine: aliyerithi gari, aliyepewa na mahakama baada ya talaka, aliyeibiwa gari lake akiwa safarini nje ya jimbo au likamfia huko asiweze kurudi, na mwanajeshi aliyepangiwa kituo nje.

Msomaji wa Afrika Mashariki hana sababu ya kuishangaa mantiki hii, maana anaishi nayo. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki humsamehe ushuru mkazi anayerejea nyumbani na gari lake, mradi awe amelimiliki na kulitumia huko nje kwa miezi isiyopungua 12. Swali la afisa wa bandarini Mombasa ni lilelile la karani wa California: hili ni gari lako la maisha, au umelinunua ili ulilete? Na kwenye umri wa magari sisi wenyewe tuna majimbo yetu. Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8. Uganda ilipiga marufuku yaliyofikisha miaka 15 mwaka 2018. Tanzania haizuii, bali inaongeza ushuru kwa gari kuukuu. Gari moja la miaka 10 kutoka Japani linapata namba Dar es Salaam na kugomewa Nairobi, na soko letu tunaliita la pamoja.

Kuvuka kizingiti cha maili hakumalizi kazi. Kipo kipimo chenyewe, na magari ya nje ya jimbo hupimwa yanaposajiliwa mara ya kwanza hata kama ni mapya kiasi ambacho gari la mwenyeji lingeachwa. Miongoni mwa yanayosamehewa ni ya umeme na yale ya petroli ya mwaka 1975 kurudi nyuma. Anayetoka Florida, iliyofuta upimaji mwaka 2000, au Minnesota, iliyoufuta mwaka 1999, huenda hajawahi kuona kifaa cha kupimia maishani mwake.

Gari la petroli la mwaka 2000 na kuendelea halinuswi tena bomba la moshi. Fundi anaingiza waya kwenye tundu lililo chini ya usukani na kuzungumza na kompyuta ya gari. Kompyuta hiyo ina programu kadhaa za kujikagua: moja inachunguza masega ya ekzosi yanayosafisha moshi, nyingine vihisio vya oksijeni, nyingine mvuke wa tangi la mafuta. Kila moja hukamilika gari likiendeshwa kwa namna yake: kuwashwa likiwa limepoa kabisa, kwenda mwendo usiobadilika kwenye barabara kuu, kusimama likiunguruma. Ukichomoa betri, matokeo ya ukaguzi huo hufutika na programu zinaanza upya.

Hivyo yule anayefuta taa ya injini kwa kifaa cha dola chache asubuhi, akatinga gereji saa nne akidhani amemaliza, anakutwa na kompyuta ambayo haijamaliza kujikagua. Mashine haimwambii gari ni bovu. Inamwambia gari halijawa tayari, nenda ukaliendeshe. Mwenye hatia na asiye na hatia hupewa jibu moja. Aliyebadilisha betri iliyokufa baada ya kusafiri siku tatu kutoka Kansas naye atarudishwa, ingawa hakukusudia kumdanganya mtu.

Baada ya waya, fundi anafungua boneti na kuangalia kwa macho, na hapo ndipo pesa hutoka. Masega yakiibwa au kufa, dereva wa jimbo lisilofuata California hununua ya bei nafuu, yaliyoruhusiwa na serikali kuu, akaendelea na maisha. California inataka masega yenye namba ya idhini ya CARB iliyochongwa kwenye bati lake, na New York, Maine na Colorado nazo zinataka hivyohivyo. Haya huwa na kiasi kikubwa zaidi cha madini ghali, yaani platinamu, paladiamu na rodiamu, na bei yake inaweza kuwa mara kadhaa ya yale mengine. Gari linaweza kufaulu kwenye waya na kuanguka kwa sababu ya namba ambayo haipo kwenye bati. Hapa sina utetezi mwingi wa sheria. Kama hewa inayotoka ni safi leo, kumtoza mhamiaji gharama ya masega mapya ni kumwadhibu kwa kufuata sheria ya alikotoka. CARB husema masega ya nafuu hayadumu, na kuna ukweli ndani yake. Lakini kama hoja ni uimara, gari lingepewa muda, si kunyimwa namba.

Wanaobanwa zaidi siku hizi ni wenye malori, na humo wamo Waafrika Mashariki wengi walioacha kazi za maghala wakashika usukani wa treila. California hailiangalii lori namba zake zimetolewa wapi. Lori la dizeli lenye uzito ulioidhinishwa wa zaidi ya pauni 14,000, kiasi cha tani 6.35, likikanyaga barabara za jimbo linatakiwa liwe limeandikishwa kwenye mfumo wa CARB, limelipiwa ada ya mwaka, na tangu mwishoni mwa 2024 liwe linapimwa mara mbili kwa mwaka. Mwenye kampuni ya lori moja Ohio, anayepeleka mzigo Fresno mara mbili kwa mwaka, anajikuta anatii bodi ambayo yeye hakuichagua. Ipo ruhusa ya siku 5, inayotolewa mara moja tu kwa mwaka kwa lori husika, na wanaojua huiwekea akiba mzigo wenye malipo mazuri.

Serikali kuu nayo imeingia. Juni 12, 2025, Rais Donald Trump alitia saini maazimio ya Bunge yanayofuta ruhusa tatu za California, ikiwemo ile iliyolenga kukomesha uuzaji wa magari mapya ya petroli ifikapo 2035. California na majimbo kadhaa yalifungua kesi siku hiyohiyo. Miezi miwili baadaye EPA ikatangaza nia ya kukataa sehemu ya mpango wa malori inayowagusa wenye namba za nje. Maazimio hayo hayakugusa kanuni ya maili 7,500. Hiyo imo kwenye sheria ya afya na usalama ya jimbo, na karani wa DMV anaendelea kuomba hati ya mauzo ili asome maili.