Kutoka Mashamba ya Rothamsted hadi Tando za Majitaka

Windhoek, mji mkuu wa Namibia, ulianza mwaka 1968 kurudisha majitaka yaliyosafishwa katika mabomba ya maji ya kunywa, na mtambo wake mpya wa mwaka 2002, wenye uwezo wa kutoa mita za ujazo 21,000 kwa siku, huyapitisha maji hayo katika tando, yaani ngozi nyembamba zenye vitundu visivyozidi sehemu ya kumi ya mikromita, ambamo bakteria hawapenyi.

Adui wa utando ni kuziba. Ute wa vijidudu na chembe za uchafu hujishindilia vitunduni, presha ya kusukuma maji ikapanda, na gharama za umeme zikapanda nayo. Mwendeshaji aweza kupunguza kasi ya maji, kuyasukuma kinyumenyume mara kwa mara ili yabandue uchafu, au kuongeza dawa ya kuugandisha, mfano wake ukiwa shabu. Desturi ya kubadili jambo moja huku mengine yakiachwa kama yalivyo huonekana ya busara, lakini hupotosha, kwa kuwa kipimo cha dawa kinachofaa maji yakipita polepole chaweza kuwa hasara yakienda kasi. Utegemeano huo, ambao wanatakwimu huuita mwingiliano, haujitokezi mpaka mambo yabadilishwe pamoja.

Kasi, muda wa kuosha kwa kusukuma maji kinyumenyume, na dawa vikipewa viwango viwiliviwili, hupatikana michanganyiko 8, na kila jaribio hutumika mara tatu: wastani wa majaribio 4 ya kasi ya juu hulinganishwa na wa 4 ya kasi ya chini, kisha majaribio yaleyale hupangwa upya kwa ajili ya muda, na tena kwa ajili ya dawa. Kubadili jambo mojamoja kungehitaji majaribio 16 ili kufikia uhakika uleule.

Hata hivyo, majitaka ya siku ya mvua si ya siku ya jua. Mwanatakwimu Ronald Fisher, aliyeanza kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, mwaka 1919, alikabili shida kama hiyo shambani, ambako rutuba hutofautiana ndani ya hatua chache tu; akagawa shamba vitalu, na ndani ya kila kitalu mbolea zikapangwa kwa kura. Mtamboni, siku ndiyo kitalu: majaribio 4 leo na 4 kesho, mfuatano wake ukipangwa kwa kura, na kila kiwango kikitokea mara mbili kwa siku. Kura peke yake haitoshi, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwani utando usiposafishwa hadi presha irudi ilipoanzia, jaribio la nane hupima uchafu wa yale saba yaliyotangulia.