Shingo Inapopinda Baada ya Dawa ya Kipandauso

Kipandauso hakiumizi kichwa peke yake. Upande mmoja unagonga, mwanga unachoma macho, na tumbo linachafuka hata kidonge hakikai. Ndiyo maana, pamoja na dawa ya maumivu, mgonjwa mara nyingi hupewa metoklopramidi, ambayo wengi huijua kwa jina la Plasil. Huzuia kutapika, na kipandauso chenyewe hupungua.

Kwa watu wachache, hasa watoto na vijana, dawa hiyo huishia kwenye misuli. Saa chache baadaye, au siku ya pili, shingo hupinda, macho hugeuka juu, taya hukaza, ulimi hutoka nje. Mgonjwa ana fahamu zake zote. Anasikia kila linalosemwa juu yake, na hilo ndilo linalotisha zaidi.

Pemba inajulikana Afrika Mashariki nzima kwa waganga wake, na jamaa wanaomwona kijana katika hali hiyo hawalaumiwi wakidhani amepandwa na shetani. Hata mhudumu wa afya anaweza kudhani ni pepopunda au kifafa. Swali la kuulizwa mapema ni moja: amekunywa au amechomwa dawa gani?

Metoklopramidi huzuia dopamini, kemikali ambayo ubongo huitumia kuratibu mwendo wa misuli. Dopamini ikizuiwa, asetilikolini huzidi nguvu na misuli hujikaza. Sindano ya biperideni au difenhidramini kwa kawaida huilegeza ndani ya dakika chache. Mwaka 2013 Ulaya iliweka kikomo cha metoklopramidi kwa watu wazima: miligramu 30 kwa siku, siku zisizozidi 5. Aliyewahi kupatwa na mkazo huo wa misuli aandikiwe jina la dawa hiyo kwenye daftari lake la hospitali, na taarifa ifike kwa Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar.

Ergotamini, dawa nyingine ya kipandauso, ni ya hatari zaidi. Hubana mishipa ya damu, na ikizidi, misuli ya miguu hukakamaa na vidole hupoa. Anayetumia ritonavir kwa ajili ya VVU asiiguse kabisa: ritonavir hulizuia ini kuivunja ergotamini, na wapo waliokatwa viungo kwa mchanganyiko huo.

Propranololi, dawa ya kukinga kipandauso, huleta uchovu tu kwa baadhi ya watu. Lakini kwa mchumaji wa karafuu anayeparamia miti kutwa, miguu mizito si jambo dogo. Amwambie daktari apunguziwe taratibu. Akiacha ghafla, moyo unaweza kwenda mbio.