Kiuno cha Kijana Kisizidi Nusu ya Urefu Wake

Huku kwetu Sapiwi mtoto mnene husifiwa, kwa maana kwao hakuna njaa. Kina mama wanaufahamu ule utepe wa kliniki wa kupima mkono wa mtoto mdogo aliyekonda. Lakini mtoto akishabalehe ni nadra kupimwa tena, na unene wake hauulizwi.

Tunapaswa kuuliza. Mafuta yanayojikusanya tumboni, kuzunguka ini na matumbo, huufanya mwili usiitikie vema insulini, homoni inayoshusha sukari katika damu. Kijana hasikii maumivu. Miaka hupita, kisha hujitokeza kisukari, shinikizo la damu na ugonjwa wa moyo. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kuwa kati ya Watanzania 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64, tisa hivi walikuwa na kisukari.

Mizani peke yake haitoshi, maana kijana bado anarefuka. Wahudumu wa afya huulinganisha uzito na urefu wake, kisha husoma jedwali la Shirika la Afya Duniani la mwaka 2007, kwa kufuata umri na jinsia. Nyumbani tunaweza kuanza na kamba tu:

1. Kijana asimame wima bila viatu. Kata kamba isiyovutika, iliyo sawa na urefu wake.

2. Ikunje katikati ili upate nusu ya urefu.

3. Izungushe kiunoni, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, juu ya nguo nyepesi. Atoe pumzi kwa kawaida, asibane tumbo.

Ncha zikipishana, ni vema. Zisipofikiana, kiuno kimezidi. Mwenye futikamba ya fundi cherehani apime hivi: binti wa sentimita 150, kiuno kiwe chini ya 75. Kipimo hiki hakimfai mjamzito.

Tazama pia shingo. Ngozi nyeusi na nene nyuma ya shingo, isiyotoka kwa sabuni, si lazima iwe uchafu. Yaweza kuwa dalili kwamba insulini haifanyi kazi vizuri.

Kamba haisemi kwamba kijana ni mgonjwa. Inatuambia tumpeleke zahanati au kituo cha afya, apimwe sukari na shinikizo la damu.

Tusimwite majina ya kumdhihaki, wala tusimnyime chakula, kwani bado anakua. Familia nzima ipunguze soda, chipsi na maandazi. Viazi vya kuchemsha, maharage na mboga za majani tunazo. Shule ikiwa karibu, aende kwa miguu badala ya bodaboda, na jioni acheze mpira, awe wa kiume au wa kike.

Kinga ni bora kuliko tiba.