Mombasa Hadi Muscat ni Masaa Ngapi? Soma Tiketi Vizuri Usiachwe na Ndege

Umepata kazi Oman, tiketi imeingia kwa simu, mathe ashaanza kulia. Kabla utoke Old Town na begi, piga hii hesabu kwanza.

Ile topiki ya latitudo na longitudo ya Form 4 uliyodhani haina kazi, kazi yake ndo hii. Uwanja wa ndege wa Moi uko karibu digrii 4 kusini mwa ikweta, Muscat iko 23.6 kaskazini. Jumla 27.6. Kuelekea mashariki unatoka 39.6 unafika 58.3, tofauti 18.7. Kila digrii zidisha kwa kilomita 111: unapata 3,064 kwenda juu na 2,076 kwenda kando. Weka Pythagoras, inakupea kama 3,700. Ukifuata mviringo wa dunia wenyewe ni karibu 3,680, so uko fiti. Lakini usijaribu huu ujanja na Toronto. Longitudo hubanana ukienda mbali na ikweta, hesabu itakuangusha vibaya.

Ndege ikiwa angani hukimbia kama kilomita 850 kwa saa. Gawanya: masaa manne na dakika ishirini. Ongeza nusu saa ya kupaa na kutua, iko karibu masaa matano. (Wazee walingoja kusi ivume ndo jahazi lielekee Arabuni, na hapo ni wiki kadhaa baharini.) Hiyo ni ya moja kwa moja. Ukipitishwa Nairobi, kungoja JKIA kunaweza kumaliza masaa mengi kuliko kuruka kwenyewe.

Sasa noma iko kwa saa. Oman iko mbele yetu saa moja, na tiketi huandika saa ya kila mahali. Tuseme unatoka 01:40 unafika 07:30. Inakaa masaa matano na dakika hamsini, kumbe toa moja. Kurudi ni kinyume, unaongeza moja.

Na hiyo 01:40 ya Jumamosi ni saa saba na dakika arobaini, usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi. Nyanya akisema "usiku wa Jumamosi" anamaanisha huo huo, maana kwake siku huanza jua likizama. Wewe ukisikia hivyo unafikiria ile ya kwenda kuraundi. Ukitokea Jumamosi usiku, ndege ilienda jana, na viza na mwajiri wanakungoja upande ule.

Tiketi pia haihesabu Makupa. Uwanja hauko kisiwani, uko ng'ambo huko Changamwe, na njia unagawana na malori ya bandarini. Ndege ya 01:40 inataka uwe umefika saa nne na nusu usiku. Tuktuk iwe imetoka Ndia Kuu saa tatu, na kuagana na majirani kuwe kumeisha mapema.