Mto Msimbazi na Wingi wa Watu

Maneno yangu ya leo ni habari za mto. Aghalabu mtu akitaja mto, fikira zake huelekea kwenye maji yapitayo kati ya kingo mbili. Lakini mto una nchi yake. Mahali pote ambapo mvua ikinyesha maji yake huuteremkia mto ule, hapo pote ni bonde lake: vilima, mashamba, njia, hata mapaa ya nyumba. Basi atakaye kujua siha ya mto asitazame maji peke yake, bali atazame pia jinsi watu walivyokaa katika nchi hiyo.

Mfano wetu ni Mto Msimbazi wa Dar es Salaam. Chanzo chake ki katika vilima vya Pugu. Hushuka ukipita Vingunguti na Jangwani, hata ukaingia baharini penye Daraja la Salenda. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1967 mji huo ulikuwa na watu wapatao 272,000. Katika hesabu ya mwaka 2022 mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 5,383,728. Watu wameongezeka hivyo, na mto ni ule ule.

Sasa tutazame yatendekayo mvua inaponyesha. Penye msitu, majani huivunja mvua nguvu, na udongo huyanywa maji, kisha huyatoa kidogo kidogo hata wakati wa kiangazi. Penye nyumba zilizosongamana, bati halinywi maji, wala saruji, wala njia iliyokanyagwa ikawa ngumu. Natufanye hesabu. Mvua ya milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Paa la mita 60 za mraba, likinyeshewa milimita 50, hutoa lita 3,000. Nyumba 1,000 za namna hiyo hutoa lita 3,000,000, nazo hukimbilia mtoni kwa muda wa saa chache. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki kikijaa huwamwagikia watu. Mwezi wa Desemba 2011 gharika iliua watu wapatao 40 katika Dar es Salaam, na wengi waliokaa mabondeni wakahamishiwa Mabwepande.

Gharika yaonekana kwa macho. Madhara ya pili hujificha. Sehemu ndogo tu ya nyumba za mji imeunganishwa na mabomba ya maji machafu. Nyingi hutumia vyoo vya shimo. Nyumba zikiwa mbalimbali, udongo hupata nafasi ya kuuchuja uchafu kabla haujayafikia maji. Zikibanana, mashimo huuzidi udongo nguvu, na gari la majitaka halipati njia vichochoroni. Ndipo wengine hungoja mvua kubwa wakatapisha vyoo, ili maji yachukue. Yachukue hata wapi? Hata kwa jirani aliye chini, na kisimani mwake, na katika bustani za mchicha zilizo kandokando ya mto. Kipindupindu, kilichozuka mjini humo mwaka 2015, hupenda njia kama hizo.

Je, tuseme kwamba wingi wa watu ndio adui? La. Watu hao hao wangalitawanywa, kila mmoja na kiwanja kipana, mapaa na barabara zao zingalifunika nchi kubwa zaidi, hata vilima vya Pugu vyenyewe. Wakaao karibu karibu huweza kuuachia msitu nafasi. Tena bomba moja fupi laweza kuzihudumia nyumba nyingi. Ubaya si kukaa pamoja. Ubaya ni kukaa pamoja pasipo bomba, pasipo mfereji, na pasipo kuuachia mto kingo zake.

Kwa hiyo yatupasa kuutunza msitu wa juu, kutojenga mahali ambapo mto hutanda wakati wa masika, na kuacha njia ya gari kabla nyumba hazijasimama, maana kubomoa baadaye ni gharama na machozi. Nyumbani, pipa chini ya mchirizi hupunguza maji yakimbiayo, na takataka zisitupwe mtaroni.

Mkaaji wa Pugu na mkaaji wa Jangwani yamkini hawajaonana kamwe, lakini ni majirani kwa maji. Afanyalo wa juu, wa chini hulipokea.